Kuuliza Hadharani Katika Mambo ya Linux

Katika shughuli zote zinazomkabili mtu mwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux, hakuna inayomtia wasiwasi kama kupandisha toleo la mfumo. Kwani siku hiyo mashine iliyokuwa ikitumika jana bila ya mushkili, yenye barua zake, hesabu zake na picha za jamaa zake, hubadilishwa viungo vyake karibu vyote ilhali ingali inakwenda, na mwenyewe hukaa mbele ya skrini akitazama mistari ikipita mmoja baada ya mmoja, asiwe na yakini kama atakapoizima na kuiwasha tena itamwitikia. Wasiwasi huo ni wa haki, wala sikusudii kuubeza. Ninalokusudia ni kueleza kwamba katika ulimwengu wa Linux mtu hakuachwa peke yake na wasiwasi wake: wapo watu, aghalabu wasiomjua wala kumwona maishani, walio tayari kuketi naye na kuchunguza kilichoharibika, bila ya ujira, mradi awaletee ithibati, na kwa maoni yangu jambo hili ndilo lililo bora kuliko yote katika mfumo huu, nalo lina thamani kubwa kuliko huko kutolipiwa kunakosifiwa kila mara.

Linux yenyewe ni kiini tu, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosema na vifaa vya mashine. Ili kiini hicho kimfae mtu hapana budi kikusanywe pamoja na maelfu ya programu nyingine, na katika mikusanyo ya namna hiyo nitaitwaa Debian kuwa mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa iliyo mikongwe na mikubwa, na haina tajiri anayeimiliki. Ilianzishwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, karibu miaka miwili baada ya mwanafunzi mwingine, Linus Torvalds wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kuwatangazia wenziwe tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo mdogo kwa kujifurahisha, na kuwauliza ni yapi wayapendayo na yapi wasiyoyapenda katika Minix, mfumo uliokuwa ukitumiwa zaidi kwa kusomea. Hata Linux, basi, ilianza kwa swali lililoulizwa mbele za watu. Leo Debian inaendeshwa na watu wa kujitolea wapatao elfu moja, waliotawanyika duniani kote, na toleo lake la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, lilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000. Kila toleo hupewa jina la mwanasesere katika filamu za Toy Story, ndiyo maana la 11 likaitwa Bullseye, la 12 Bookworm na la 13 Trixie; na ile hatua ya awali ambamo kila kilicho kipya huingizwa kwanza, na ambamo mambo huvunjika mara kwa mara, ina jina lisilobadilika, Sid, kwa jina la mtoto wa jirani katika filamu hizo ambaye kazi yake ni kuvunjavunja wanasesere.

Mwaka 1997 watu wa Debian waliafikiana juu ya mkataba kati yao na umma, na katika masharti yake wakajifunga kwamba matatizo ya mfumo wao hawatayaficha. Ahadi hiyo inatimizwa. Daftari la hitilafu za Debian liko wazi kwa kila anayetaka kulisoma. Kila hitilafu ina namba yake, jina la aliyeileta, hoja zilizotolewa juu yake na siku ilipofungwa. Na mwaka 2021 namba hizo zilipita milioni moja. Asiyezoea anaweza kuiona hesabu hiyo kuwa fedheha. Mimi naiona kuwa ni amana: mtu anayepatwa na shida usiku wa leo anaweza kukuta kwamba mwingine alipatwa nayo miezi sita iliyopita, akaieleza, akajibiwa, na jibu lake likabaki pale lingali na manufaa yaleyale.

Mabaharia wetu hawakikalafati chombo kikiwa majini; hungoja msimu, wakakipandisha mchangani na kukikagua ubao kwa ubao. Kupandisha toleo kunataka adabu hiyohiyo ya maandalizi. Kwanza ausome mtu waraka unaotolewa pamoja na kila toleo, kisha anakili mali yake yote katika diski iliyo nje ya mashine, ahakikishe kwamba toleo alilo nalo limesasishwa mpaka mwisho wake, aondoe vyanzo vya kigeni alivyopata kuviongeza kwa ajili ya programu hii au ile, atazame kama sehemu ya diski iitwayo /boot haikujaa viini vya zamani, na hapo tena ndipo abadilishe jina la toleo na kuruhusu vifurushi vipya viingie, kwa awamu mbili, kidogo kwanza na vyote baadaye. Wala asiruke toleo: aliye katika la 10 sharti apitie la 11 ndipo aende la 12. Waraka huo wengi huupuuza, nami nasikitika kwa hilo, kwa sababu kila nionapo onyo ndani yake huwa najua kwamba nyuma yake yupo mtu aliyejaribu mapema, akaumia, akaja kusema. Na kuusoma ni kupokea msaada wa watu wengi kabla hata ya kuuomba.

Mambo yanayoharibika si mengi kama wafikirivyo waoga. Aghalabu ni /boot iliyojaa katikati ya kazi, au kifurushi cha chanzo kigeni kinachogombana na kipya, au kiini kipya kisichopatana na kifaa fulani. Kwa hili la mwisho ni muhimu kujua kwamba kiini cha zamani huwa hakikuondolewa. Mashine inapowashwa, katika orodha ya GRUB, mtu anaweza kukichagua kile cha jana, akaingia kama kawaida, kisha kwa amri ya journalctl akasoma kumbukumbu za kule kuwasha kulikoshindwa. Ni watu wangapi waliofuta kila kitu na kuanza upya, wakapoteza kazi zao, ilhali mlango ule ulikuwa wazi!

Hebu tutazame kadhia moja kwa karibu. Kadi za WiFi za kompyuta nyingi za mkononi haziwezi kufanya kazi mpaka mfumo uzitilie programu dhibiti, faili ndogo inayotolewa na kiwanda bila ya kuonyesha namna ilivyoandikwa. Na kwa kuwa Debian imejifunga kuwapa watu programu zinazosomeka na kubadilika, kwa miaka mingi faili hizo ziliwekwa kando, nje ya mfumo wenyewe, na diski rasmi za kusimikia mfumo hazikuwa nazo. Hali hiyo iliwaudhi wageni wengi, kwani mtu alisimika Debian katika kompyuta isiyo na tundu la waya wa mtandao, kisha akaambiwa kwamba faili inayohitajiwa na WiFi inapatikana katika intaneti, ambayo hakuweza kuifikia ila kwa WiFi hiyohiyo. Malalamiko yakarundikana, mjadala ukawa mrefu, na mwaka 2022 wanachama wakapiga kura, wakakubali faili hizo zitiwe katika diski rasmi. Katika Bookworm zikatengewa sehemu yake, iitwayo non-free-firmware, ilhali zamani zilichanganywa na programu nyinginezo zisizo huru katika sehemu iitwayo non-free.

Sasa tuseme mwalimu wa sekondari amepandisha mashine yake kutoka Bullseye hadi Bookworm. Amefungua faili ya sources.list, ambamo mfumo husoma mahali pa kuchukua vifurushi, akafuta neno bullseye na kuandika bookworm, akayaacha mengine kama yalivyokuwa. Kazi imekwenda salama. Lakini ile sehemu mpya hakuitaja, kwa hiyo programu dhibiti zake zimebaki zilezile za zamani, na baada ya kuwasha upya kadi yake ya Intel haiitiki. Akiandika kwamba WiFi imekufa na anaomba asaidiwe, atajibiwa kwa maswali, na pengine asijibiwe kabisa. Lakini akitoa amri ya dmesg, ambayo huonyesha yote yaliyosemwa na kiini tangu mashine ilipoamka, atauona mstari wenye jina la iwlwifi unaoeleza kwamba faili fulani imeshindwa kupakiwa, na mwishoni mwake ipo namba -2, ambayo kwa desturi ya kiini maana yake ni kwamba faili haikuonekana. Aunakili mstari huo herufi kwa herufi, aongeze jina la kadi kama linavyotolewa na lspci, toleo la kiini kama linavyotolewa na uname, na yaliyomo katika sources.list yake, hapo msomaji aliye Brazil au Ujerumani ataliona mara moja neno lililokosekana. Jibu litakuwa fupi: ongeza non-free-firmware katika mstari wako, toa amri ya apt update, simika kifurushi cha firmware-iwlwifi, kisha washa upya. Na intaneti ya kupakulia kifurushi hicho aipate wapi? Achomeke simu yake kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe mtandao. Kompyuta itaupokea bila ya kuihitaji kadi ile ya WiFi, na kwetu sisi, ambao intaneti yetu imo zaidi katika simu, hiyo ndiyo njia ya karibu.

Ninayakariri haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi wanapokwama, na wanaokwama si wajinga. Sisi tumelelewa kuanza kwa salamu ndefu, kulizunguka jambo kabla ya kulitaja, na kuona haya kuidhihirisha aibu ya nyumba mbele ya wageni. Adabu hiyo ni njema barazani, lakini mbele ya mashine iliyoharibika humnyima mtu msaada. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeuliza sharti aseme alilolifanya hata kama lilikuwa kosa, aseme alichotarajia na alichokiona, anakili maneno ya mfumo badala ya kuyasimulia kwa maneno yake mwenyewe, na zaidi ya yote aseme tatizo lake la asili. Maana yako maradhi yanayojulikana sana kwa wanaojibu, nayo ni mtu kujichagulia dawa moyoni, kisha akauliza juu ya dawa ile tu. Huuliza namna ya kukifuta kifurushi kwa nguvu, na wanaomjibu huchukua saa nzima kabla ya kugundua kwamba alichotaka ni kuchapa barua, na kwamba kifurushi kile hakikuwa na hatia yoyote.

Kwa upande wa pili, insafu yanitaka niseme kwamba wanaojibu nao wamekosea, tena kwa muda mrefu. Ulikuwapo ujeuri katika jumuiya hizi, wa kumtupia mgeni neno la kwamba akasome kitabu, au kumdhihaki kwa kutojua lile ambalo mjibuji mwenyewe hakulijua mwaka uliotangulia. Torvalds mwenyewe alikuwa mashuhuri kwa ulimi mkali, hata mwezi wa Septemba 2018 akaomba radhi hadharani, akakaa kando na kazi kwa majuma kadhaa, na jumuiya ya kiini ikapitisha kanuni mpya za mwenendo. Niliona kuwa ni kitendo cha kiungwana. Mtu aliyekemewa mara ya kwanza alipouliza hatarudi kuuliza mara ya pili, na hitilafu aliyokuwa nayo mkononi huondoka naye isijulikane na yeyote.

Tena swali lenyewe, hata likiulizwa na mjuzi, laweza kuleta madhara likikosa ukamilifu. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL katika Debian, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano, aliona kwamba mistari miwili ilikuwa ikilalamikiwa na chombo cha kukagulia makosa. Akawauliza waandishi wa programu kama angeweza kuiondoa, akapata jibu alilolifahamu kuwa ni ruhusa, akaiondoa. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu katika utengenezaji wa funguo. Tangu Septemba 2006 hadi tarehe 13 Mei 2008, hitilafu ilipotangazwa baada ya kugunduliwa na Luciano Bello, funguo za kila aina na ukubwa zilizotengenezwa kwa programu hiyo katika Debian, na katika mifumo iliyotokana nayo kama Ubuntu, zilitokana na namba zisizozidi 32,768, kiasi ambacho kompyuta ndogo huweza kukijaribu chote kwa muda mfupi. Wenye seva ulimwenguni walilazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Debian haikulifunika jambo hilo. Ilitoa tangazo, ikatoa chombo cha kuzitambua funguo dhaifu, na masimulizi yote ya lile swali na lile jibu yangali yakisomeka mpaka leo kwa anayetaka kujifunza.

Jicho la umma limeokoa pia, na kisa cha mwaka 2024 nakiona kuwa kikubwa kuliko vyote. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza kwa subira ya miaka kadhaa katika programu iitwayo XZ, inayobana mafaili, ambayo mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja aliyechoka, akiifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Alisaidia, akaaminiwa, akakabidhiwa madaraka, kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika seva kwa njia ya SSH. Matoleo hayo yalikwisha kuingia Sid. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyekuwa akipima mwendo wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL katika mashine yake ya Debian, akaona kwamba kuingia kwa SSH kumekuwa kukichukua takriban nusu sekunde zaidi ya desturi. Nusu sekunde! Wengi wetu tungeipuuza. Yeye akaifuata, akaifungua programu tabaka kwa tabaka, na tarehe 29 Machi 2024 akaweka ithibati yake mbele ya wote. Toleo imara la Debian lilikuwa halijaguswa. Kisa hiki chaonyesha nguvu ya kazi ya pamoja, lakini chaonyesha pia hatari yake, kwamba mzigo unaoegemewa na dunia nzima waweza kuwa juu ya mabega ya mtu mmoja asiyepata hata salamu. Na yeyote atumiaye mfumo huu bure anapaswa kulitafakari hilo kabla ya kumwandikia mtunzaji maneno ya ghadhabu kwa sababu kichapishi chake kimegoma.

Na kwa kuwa hata aliyeaminiwa aweza kuwa na nia mbaya, ninahadharisha juu ya tabia ya kunakili amri yoyote inayoonekana popote na kuitekeleza kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Msaada wa kweli hueleza. Ukipewa amri, uliza kila kipande chake chafanya nini, au uisome katika kitabu cha man kilichomo ndani ya mashine yako. Na ukishapona, rudi uandike kwamba umepona na kwa dawa ipi, kwa maana swali lililoachwa bila ya hatima humsumbua kila anayelikuta baadaye.

Waswahili hatukuwa watazamaji tu katika mambo haya. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na waliofanya kazi ile walithubutu kutunga istilahi wakati wengi waliona kwamba lugha yetu haiwezi. Ningependa kuona juhudi hiyo ikiendelezwa katika jambo dogo zaidi na la kila siku, yaani kuandika kwa Kiswahili namna tulivyoyatatua matatizo yetu: kichapishi cha shule kilichokubali, kompyuta ya msikiti iliyofufuliwa, modemu ya laini ya simu iliyotambulikana. Kazi hiyo haihitaji shahada. Yahitaji mtu aliyepata jibu na asiyelifanyia choyo.

Na wakati wa kuifanya ni huu, kwa kuwa toleo la 13, Trixie, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, limeacha kutoa mfumo kamili kwa kompyuta za PC za biti 32, na shule na ofisi zetu nyingi zinatumia mashine zilizopokewa mitumba. Asikate mtu tamaa kabla ya kuhakikisha. Mashine nyingi zilizouzwa tangu katikati ya miaka ya 2000 zina prosesa ya biti 64 ingawa zilisimikwa mfumo wa biti 32. Amri ya lscpu, katika mistari yake ya mwanzo, huonyesha namna za kazi ambazo prosesa inaziweza. Zikiwamo zote mbili, 32 na 64, dawa ni kunakili mali yote nje ya mashine na kusimika Trixie upya, bila ya kujaribu kuubadilisha mfumo wa zamani ukiwa mahali pake. Ikiwa ni 32 peke yake, mashine ile na ikae katika Bookworm, ambayo marekebisho ya usalama wake yataendelea kutolewa hadi tarehe 30 Juni 2028. Na anayeona shaka juu ya maana ya jibu la lscpu alinakili lote kama lilivyo, ataje na umri wa mashine na ukubwa wa kumbukumbu yake, kisha aulize.